Nimekwama kwa Tom Bombadil: niendelee, niruke au niache?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nasoma chuo. Filamu tatu za The Lord of the Rings nazijua karibu neno kwa neno, na gemu ya Middle-earth: Shadow of War nimeimaliza. Mwaka huu nimepata kitabu chenyewe, kile kinene chenye kila kitu ndani ya jalada moja. Nimekianza zaidi ya mara moja, na kila mara nakwama kwa yule mzee Tom Bombadil anayeimbaimba msituni. Tena usiku nikisoma kurasa chache tu kichwa kinauma. Wenzangu wananicheka, wanasema filamu zimeharibu kitabu, mimi si shabiki wa kweli, na kwamba nilitakiwa nianze na The Silmarillion ndiyo nielewe historia yote. Nyumbani nako mama hapendi hata kukiona, anasema ni kitabu cha uchawi. Niendelee, niruke, au niachane nacho?"

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza mengi kwa mpigo, lakini nahisi linalokuuma zaidi ni maneno ya wenzako, kwamba kukwama kwako ni dalili ya ushabiki wa juu juu. Hilo tulitoe njiani kwanza, maana si kweli. Nafundisha fasihi, na riwaya za fantasia ndizo nizipendazo kuliko zote. Kila mara napata wanafunzi waliomjua J.R.R. Tolkien kupitia filamu, na wengi hukwama palepale ulipokwama wewe, kati ya sura ya sita na ya nane. Si wavivu hata kidogo. Mara nyingi ni wale wanaozijua filamu vizuri mno, kiasi kwamba wanasoma huku wakisubiri kitu ambacho kitabu hakijapanga kuwapa kwa wakati huo.

Angalia mwendo wenyewe. Kwenye filamu ya 2001, mchawi Gandalf anaondoka kwenda kuchunguza habari za pete yenye nguvu za uovu ambayo Frodo amerithi kwa Bilbo, anarudi usiku kahamaki, na Frodo anafungasha. Unadhani zimepita wiki chache. Kitabuni, kati ya sherehe ya Bilbo na siku Frodo anayoondoka Shire, nchi ya wahobiti, wale watu wafupi, inapita miaka 17. Frodo anaingia barabarani ana miaka 50. Anauza nyumba, anahamisha vyombo, anaaga jamaa. Mji wa Bree, ambako filamu inakufikisha upesi, huku ni sura ya tisa. Wewe unangoja wapanda farasi weusi wanaoisaka pete, kitabu kinakukaribisha uyoga nyumbani kwa mkulima Maggot. Lazima uchoke.

Mwendo huo una chanzo kinachojulikana. The Hobbit ilipotoka mwaka 1937 ikapendwa, mchapishaji akaomba hadithi nyingine ya wahobiti. Tolkien akaanza kuandika Desemba ya mwaka huohuo bila kujua anaelekea wapi. Akilini mwake alikuwa anaandika mwendelezo wa kitabu cha watoto, na pete ya Bilbo ilikuwa bado kifaa tu cha kumfanya mtu asionekane. Yule Strider ambaye wewe unamjua kama Aragorn, mrithi wa ufalme, kwenye rasimu za mwanzo alikuwa mhobiti mwenye viatu vya mbao, jina lake Trotter. Ndiyo maana sura za mwanzo zina sauti ya mtu anayesimulia watoto kabla ya kulala. Kuna mbweha anapita usiku, anawaona wahobiti wamelala nje, anajiuliza kulikoni, kisha anaenda zake na hatumsikii tena. Bombadil naye alikuwepo kabla ya riwaya hii, na shairi lake lilichapishwa mwaka 1934. Mwandishi alimwingiza akiwa bado anatafuta njia, na alipoipata njia hakumtoa.

Je, alipaswa kumtoa? Mashabiki wamebishana juu ya hilo miaka na miaka. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu uko kwenye sura inayofuata, ile ya makaburi yenye ukungu. Wahobiti wote wanne wananaswa na pepo wa kaburini. Bombadil anakuja kuwaokoa, na katika hazina iliyozikwa humo anachagua majambia manne, anampa kila mmoja lake. Anawaambia yalifuliwa zamani na watu wa Magharibi, waliokuwa wakipigana na mfalme mwovu wa Angmar. Msomaji mwenye haraka hapo anapita tu.

Sasa nenda moja kwa moja hadi uwanja wa vita mbele ya mji wa Minas Tirith. Mkuu wa wale wapanda farasi weusi amesimama mbele ya Éowyn, binti wa ukoo wa kifalme, na mhobiti Merry, ambaye hakuna anayemjali, anatambaa kwa nyuma na kumchoma mguuni, nyuma ya goti. Pigo hilo ndilo linalompa Éowyn nafasi ya kummaliza. Jambia lenyewe linafuka moshi, linajikunja na kuteketea pale chini lilipoanguka. Na msimulizi anasimama kidogo kutuambia kwamba hakuna silaha nyingine ambayo ingemuumiza vile, na kwamba fundi aliyeifua angefurahi kujua mwisho wake. Kwa nini? Kwa sababu mkuu huyo ndiye yuleyule mfalme wa Angmar. Fundi alifua silaha dhidi ya adui mmoja, ikalala kaburini zaidi ya miaka elfu, ikamfikia. Kwenye filamu Aragorn anawagawia wahobiti panga pale kilima cha Weathertop, bila historia yoyote, basi. Pigo la Merry linabaki kuwa ushujaa mtupu, jambo ambalo pia ni zuri, lakini kitabuni ni ushujaa pamoja na deni la kale linalolipwa. Ukiruka sura hizo unaruka jambia.

Hili la majambia limenipa nafasi ya kugusa jambo ambalo wenzako hawajakueleza, yaani kwa nini kitabu na filamu haviwezi kufanana hata mwongozaji angekuwa na heshima kiasi gani. Shida haiko kwenye matukio yaliyokatwa. Iko kwenye taharuki, na namna kila kimoja kinavyoijenga.

Ndani ya jalada lako kuna vitabu sita vidogo. Vilitolewa katika majuzuu matatu, mawili mwaka 1954 na la mwisho 1955, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali baada ya vita. Tolkien mwenyewe aliiona kama riwaya moja. Kitabu cha tatu kinawafuata Aragorn, Gimli, Legolas, Merry na Pippin peke yao, sura baada ya sura, na Frodo hatajwi ila kwa wasiwasi. Cha nne kinarudi nyuma kwa Frodo na mwenzake Sam, na kinaisha kwa sentensi fupi inayosema Frodo yu hai, lakini ametekwa na adui. Halafu ukurasa unafunguka kwenye kitabu cha tano, na kwa sura kumi nzima huambiwi kitu juu yake. Vita vinapiganwa, mfalme anakufa, watu wanaponywa, na wewe moyoni una swali moja tu. Hatimaye Gandalf na wenzake wanafika mbele ya Lango Jeusi, na mjumbe wa Sauron, yule mwovu aliyeifua pete, anatoka akiwa ameshika upanga wa Sam, joho la Kielfi na ile fulana ya vita ya Frodo ya madini ya mithril. Wewe msomaji nawe, kama Gandalf, hujui kilichompata Frodo baada ya kutekwa. Unaona vitu hivyo na unaamini kwamba yamekwisha.

Filamu haiwezi kufanya hivyo. Huwezi kumficha mhusika mkuu kwa saa moja na nusu watazamaji wakakuvumilia. Kwa hiyo mwongozaji Peter Jackson alisuka upya, dakika chache kwa Aragorn, dakika chache kwa Frodo, mbele na nyuma, na yule buibui Shelob, ambaye kitabuni yuko mwishoni mwa juzuu la pili, akasogezwa hadi filamu ya tatu. Watazamaji wakawa wanajua kila kitu wakati wote. Tulichopata ni kasi na mpangilio wa hisia unaofaa macho. Tulichopoteza ni ule upofu wa pamoja na wahusika. Ukiingia kitabuni na matarajio ya filamu, upofu huo utauona kama uchovu. Ukiujua ni wa makusudi, utaanza kuuhisi.

Kwa hiyo zimeharibu? Hapana. Filamu ya tatu ilipata tuzo 11 za Oscar kati ya 11 ilizopendekezwa, na ilistahili. Kuna mahali naona ziko juu ya kitabu. Kifo cha Boromir, mwenzao wa safari aliyejaribu kumnyang'anya Frodo pete, ni mfano: kitabuni mapigano yake hatuyaoni, Aragorn anamkuta ameegemea mti mishale imemjaa. Filamu inatuonyesha kila mshale, na unamsamehe Boromir kabla hajaomba msamaha. Lakini kuna hasara ambazo sitazifunika. Kubwa kuliko zote ni Faramir, ndugu yake Boromir. Kitabuni anasema hata akiiona pete hiyo njiani hataiokota, na anapogundua kwamba Frodo anayo kweli, analitunza neno lake. Kwenye filamu anamburuta Frodo hadi mji wa Osgiliath kwanza. Waandishi wa filamu walihofia kwamba mtu asiyeshawishika angeifanya pete ionekane dhaifu. Naielewa hofu yao, lakini tumenyang'anywa mtu mmoja muungwana, na riwaya hii inawahitaji waungwana wake. Hasara nyingine ni ile sura ya wahobiti kurudi nyumbani na kukuta Shire imevamiwa, miti imekatwa, na wao wenyewe wanalazimika kuikomboa bila msaada wa Gandalf. Kwa mtu kama Tolkien, aliyepigana vita vya Somme, Ufaransa, mwaka 1916 na kupoteza marafiki zake wa karibu, hiyo haikuwa sura ya ziada. Zile filamu za The Hobbit za 2012 hadi 2014 siwezi kuzitetea hivyo. Kitabu kifupi kilivutwa kikawa filamu tatu na kinaonekana kimevutwa.

Kuhusu gemu, furahia ulichocheza lakini usikichukue kama historia. Shadow of War ya 2017 ina ufundi mwingi, ila hadithi yake haiendani na ya Tolkien. Kitabuni Shelob ni buibui tu, mzee na mwenye njaa, hana umbo la mwanamke. Isildur, mfalme wa kale aliyemnyang'anya Sauron pete, aliuawa kwa mishale ya maorki, pete ikamponyoka mtoni. Hakuwahi kuwa mmoja wa wale watumwa tisa wa Sauron. Na ile pete mpya ya fundi wa Kielfi Celebrimbor haipo kabisa. Nalisema mapema kwa sababu mchezaji mzuri hufika kitabuni akitafuta mambo hayo, akadhani ameyapita.

Haya, The Silmarillion. Ushauri wa kuanza na kitabu hicho hutolewa kwa nia njema na watu waliosahau walivyoanza wao. Kilitoka mwaka 1977, miaka minne baada ya Tolkien kufariki, kikiwa kimekusanywa na kuhaririwa na mwanawe Christopher kutoka kwenye maandishi ya miaka mingi. Kinaanza na uumbaji wa ulimwengu kwa muziki, kisha zinafuata enzi za wafalme wa Kielfi wenye majina yanayofanana. Mazungumzo ni machache, na hakuna mhobiti wa kukushika mkono. Mimi nakipenda sana, hasa kisa cha Beren na Lúthien. Lakini uzuri wake unatokana na kwamba tayari umesikia majina hayo yakitajwa kwa mbali kwenye The Lord of the Rings, ukatamani kujua. Aragorn anawaimbia wahobiti kisa hicho pale Weathertop, gizani, maadui wakikaribia. Ukikijua tayari, unakumbuka. Usipokijua, unatamani. Tolkien aliandika sura ile kwa ajili ya mtu asiyekijua. Acha wewe uwe mtu huyo.

Sasa ufanyeje? Njia ninayoipendelea kwako ni kukiweka kitabu kinene rafuni na kusoma The Hobbit kwanza. Ni kifupi, Kiingereza chake chepesi, na kitakuzoeza na sauti ya msimulizi ambayo filamu haikukuandaa kuipokea. Ukifika kwenye sura ya mafumbo gizani, kati ya Bilbo na Gollum, kiumbe aliyekuwa na pete kabla yake, isome polepole. Sura hiyo Tolkien aliibadilisha kwenye toleo la 1951. Mwanzoni Gollum aliahidi kutoa pete kama zawadi, akaomba radhi alipoikosa, akamwonyesha Bilbo njia. Tolkien alipokwisha kugundua pete ile ni nini hasa, akaiandika upya, na lile toleo la zamani akalifanya kuwa uongo ambao Bilbo aliwasimulia rafiki zake. Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini Gandalf ana wasiwasi mkubwa kiasi kile mwanzoni mwa kitabu chako.

Njia ya pili ni kuruka kutoka sura ya tano hadi ya tisa na kuendelea mbele. Utaelewa hadithi, hakuna mtu atakayekukamata. Gharama yake nimekuonyesha, ni lile jambia. Ukiamua hivyo, angalau isome sura ya nane. Njia ya tatu ni kusikiliza. Andy Serkis, yuleyule aliyekuwa Gollum kwenye filamu, amekisoma chote kwa sauti, na kilitoka mwaka 2021. Nyimbo ndizo zinafaidika zaidi. Sisi tuliokua na ngano ambazo fanani anasimama katikati na kuimba tusiwe watu wa kushangaa wimbo ndani ya hadithi. Tatizo ni kwamba ukurasani wimbo ni bubu. Usikilize ule wa barabara. Bilbo anauimba akitoka nyumbani akiwa na hamu. Frodo anaurudia baadaye, karibu maneno yaleyale, lakini miguu yake imechoka safari ikiwa mwanzoni tu.

Na njia ya kuachana nacho ipo, sikufichi. Wapo watu makini ambao kitabu hiki hakiwafai, na wala haiwapunguzii kitu. Ila usikiache kwa sababu ya kuchekwa, na usikiache kabla hujafika Bree. Kuanzia hapo ndipo Strider anapoingia na mwendo unabadilika.

Hilo la kichwa kuuma usilichukulie kama ukosefu wa bidii. Toleo la jalada moja lina kurasa zaidi ya elfu moja, na ili zitoshe, herufi hufanywa ndogo na karatasi nyembamba. Jaribu kusoma mchana kwenye mwanga wa kutosha, na pumzisha macho kila baada ya muda. Maumivu yakiendelea, nenda hospitali yenye kliniki ya macho ukapimwe, na usikimbilie kununua miwani ya barabarani. Kijana wa chuo anaweza kuishi miaka mingi bila kujua anahitaji miwani. Na kama kichwa kinauma hata usiposoma, au unaona ukungu, au unatapika, usingoje, kamwone daktari mapema. Kama kikwazo ni Kiingereza chenyewe, tafuta mtu wa kusoma naye, mhadhiri wa fasihi hapo chuoni au mwenzako mmoja asiyecheka, msome sura moja kwa wiki na kukutana kuizungumza. Kitabu hiki kinasomeka vizuri zaidi na mtu wa kubishana naye.

Mama sasa. Usimwambie kwamba hajui anachosema. Anaona jalada lina macho ya moto na mchawi mwenye fimbo, na anakupenda. Mweleze aliyekiandika. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akafiwa na baba angali mdogo, na mama yake akafariki akiwa na miaka 12. Padri ndiye aliyemlea, na alibaki Mkatoliki wa kweli hadi kufa. Mwaka 1953 alimwandikia rafiki yake kwamba kazi hii kimsingi ni ya kidini. Siku pete inapoangamizwa aliipangia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Wala humo hakuna anayefundishwa uganga. Kinachosimuliwa ni jinsi kila mwenye nguvu anavyojaribiwa kuitumia pete kwa nia njema, na wale wenye hekima wanavyoikataa.

Awe Mkristo au Mwislamu, nadhani mahali pa kuanzia naye ni sura ya pili, yale mazungumzo ya Frodo na Gandalf kuhusu Gollum. Frodo anasikitika kwamba Bilbo hakumuua kiumbe yule alipopata nafasi. Gandalf anamjibu kwamba ni huruma iliyomzuia, na kwamba huenda huruma hiyo ikaamua hatima ya wengi. Mfasirie mama hapo kwa Kiswahili, taratibu, kisha mwambie jinsi inavyoishia: Frodo mwenyewe anashindwa kwenye dakika ya mwisho, na ni Gollum, aliyeachwa hai kwa huruma, ambaye anasababisha pete iangamie. Mwambie pia ukweli kwamba si kila fantasia iko hivyo. Ipo yenye ukatili na mambo ya watu wazima ambayo wasiwasi wake ungekuwa na msingi, kwa hiyo ni vema akiuliza. Kama anamwamini kiongozi fulani wa dini, kaeni naye watatu. Na kama bado hataki kitabu nyumbani kwake, ni nyumba yake. Kisome maktaba ya chuo, na yeye ajue kwamba unakisoma.